Msemaji wa Kisima

Mwaka ule mvua za vuli hazikuonekana, na za masika zikapita mbali zikanyeshea nchi za wengine. Mto uliokatiza mbuga ya Kiangazini ukageuka njia ya mchanga. Wanyama waliozoea kukimbizana wakaanza kusimama pamoja kwenye kivuli kimoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfukuza mwenzake.

Muhanga, yule mla mchwa, ndiye aliyewaokoa. Pua yake hunusa unyevu hata chini ya mwamba, na siku moja akasimama mahali pakavu kuliko pengine pote akasema hapo pana maji. Ngiri wakachimba kwa meno yao, Tembo akatoa matope kwa mkonga, Nyumbu na Pundamilia wakayakanyaga kando hadi yakawa tuta. Siku ya kumi na tisa maji yakabubujika, baridi na matamu. Wakakijengea kisima mdomo mwembamba wa mawe ili mchanga usiingie ovyo. Tembo alikuwa akizamisha mkonga na kulijaza hori la mawe, na kila mnyama akanywa kwa zamu yake.

Wakaanzisha Umoja wa Kisima. Uenyekiti haukupigiwa kura. Simba alikwenda akakaa juu ya mwamba mkubwa uliokitazama kisima kwa mbali, na wengine wakaona kwamba hapo ndipo mwenyekiti hukaa. Fisi aliomba mwenyewe kuwa mlinzi, akisema yeye halali sana. Sungura, ambaye angeweza kumuuzia samaki maji, akafanywa msemaji. Yeye ndiye angetoa matangazo ya uongozi kwa wanachama, na kupeleka kwa mwenyekiti yale ambayo wanachama wanasema.

Alibaki Bi Kobe, ambaye hawezi kuchimba wala kusomba. Simba akaagiza akae njiani, pale wanyama wanapopita wakitoka kunywa, asikilize shida zao kisha amwambie msemaji. Kazi hiyo ilibuniwa ili tu Bi Kobe asijione mnyonge. Yeye hakulijua hilo, akaifanya kwa moyo wote.

Wanachama wengine wote walipewa siku mbili kila wiki za kutoa mchanga uliokuwa ukiporomoka ndani ya kisima. Kazi ilikuwa nzito lakini hakuna aliyenung'unika, kwa maana bila hiyo kisima kingefukiwa mwezi haujaisha.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Fisi alipomkuta nyati aliyekufa kwa ukame, upande wa pili wa mbuga. Alikula mpaka akashindwa, na nyama iliyobaki ilimtia huzuni, kwani katika jua lile nyama haikai siku mbili. Ndipo akakumbuka ubaridi wa kisima. Adhuhuri moja, wenzake wakiwa wamejilaza vivulini, akaiburuta ile nyama kipande kwa kipande akaishusha kisimani. Ndani, chini ya maji, palikuwa na shimo ubavuni lililoachwa na Muhanga alipokuwa akiufuata unyevu. Akaijaza humo. Kila adhuhuri akawa anateremka kwa mawe yaliyotokeza ndani, anakata kipande, anapanda.

Baada ya wiki moja maji yakaanza kunuka.

Sungura aliigundua siri mapema, maana alimkuta Fisi akichomoza kisimani na kidevu kinachotiririka. Angeweza kusema. Lakini nyuma ya kichaka chake alikuwa na kijishamba cha kunde kilichokuwa kikikauka, na Fisi, mwenye mamlaka ya ulinzi, akamruhusu achepushe maji ya hori kila alfajiri kabla wengine hawajafika. Wakaelewana kwa maneno machache sana. Kuhusu Simba, Fisi alitafuta ufa wa mwamba uliokuwa ukidondosha maji safi, kibuyu kimoja kwa siku, na hicho ndicho alichompandishia mwenyekiti akimwambia kimetoka kisimani.

Harufu ilipozidi, Tembo akiwa wa kwanza kukunja mkonga, Sungura akaitisha mkutano. Akapanda juu ya hori.

"Ndugu wanachama," alisema, "harufu mnayoisikia ni ya madini. Kisima chetu kimekomaa. Kuna mbuga zinazolilia maji kama haya."

Alilisema neno hilo, madini, kwa upole na fahari, hata wanyama wakatazamana kama waliopewa zawadi. Nyumbu, ambaye hupenda kufanya kila linalofanywa na walio mbele yake, alikunywa mara mbili siku hiyo.

Siku chache baadaye watoto wa Mama Ngiri walianza kuumwa tumbo. Mama Ngiri alisimama njiani kwa Bi Kobe akaeleza kila kitu. Alieleza lini walianza, walikunywa nini, na yupi alikataa kunyonya. Bi Kobe alisikiliza hadi mwisho. Jioni akamwambia Sungura kama alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Sungura akaitika kwa heshima, akapanda mwambani kwa mirukio kumi, akamwambia Simba kuwa wanachama wanashukuru sana. Simba akatikisa manyoya ya shingo yake akasema aliujua ukweli huo hata kabla ya kuambiwa.

Walioumwa walipoongezeka, Sungura akatoa taarifa nyingine. Wanaoumwa matumbo, alisema, wamekula makuyu mabichi. Nyani, aliyekuwa amekula makuyu mabichi maisha yake yote bila kuumwa, alijikuna kichwa lakini hakupata pa kuanzia. Minong'ono ilipoendelea, Sungura akatoa taarifa ya tatu, aliyoiona kuwa ndiyo bora kuliko zote. Alitangaza kwamba mwenyekiti mwenyewe hunywa maji ya kisima asubuhi na jioni, na mwenye shaka atazame juu ya mwamba aone manyoya yale yanavyong'aa.

Wanyama wakatazama. Kweli yalikuwa yanang'aa. Hata hivyo kesho yake Pundamilia wote walihama.

Walikwenda kwenye bwawa la Mamba, mwendo wa siku nzima. Mamba hakuwa na msemaji wala matangazo. Alifunga mdomo akangoja. Wiki ya kwanza tu pundamilia mmoja alipoteza mkia, lakini Kanga alipopita kuwauliza kwa nini hawarudi, walijibu kwamba Mamba wanamjua, wanajua anataka nini na yuko upande gani wa bwawa. Kisimani hawakujua wanakunywa nini.

Nusu ya Nyumbu wakawafuata. Mikono ya kutoa mchanga ikapungua, na mchanga hausubiri mtu. Ukaporomoka bila kuzolewa, mpaka siku moja Tembo alipozamisha mkonga akatoa tope tu, akalazimika kuuzamisha mara tatu kupata maji ya kumtosha ndege mmoja.

Jioni hiyo Bi Kobe alimuuliza Sungura kama maneno yake huwa yanafika juu.

"Yanafika, Bi Kobe," Sungura akajibu. "Ila nayanyoosha kidogo njiani. Mwenyekiti hapendi maneno yenye makunyanzi."

Bi Kobe alikaa pale akiyageuza maneno hayo kichwani mwake. Alikuwa amesikiliza wanyama wa mbuga nzima, mmoja mmoja, akiwaahidi kwamba yatafikishwa. Kumbe kila alilolipokea lilikuwa likifika juu likiwa jingine. Aliona aibu, na aibu ya kobe ni nzito kwa kuwa haiwezi kukimbiwa. Akaanza kuupanda mwamba.

Ilimchukua siku mbili. Mara mbili aliteleza akarudi alikotoka. Alipofika kileleni Simba alikuwa amelala, na pembeni yake kibuyu kitupu. Bi Kobe akamwamkia, akasubiri afumbue macho, kisha akamweleza. Maji yananuka, na wanachama wanaambiwa ni madini, mara ni makuyu. Pundamilia wamehama. Mchanga umefika kiunoni mwa kisima.

Simba akainuka. Akasema kwamba yeye huletewa habari kila jioni, na habari zote ni za shukrani. Akauliza kwa sauti iliyotikisa vijiwe kama Bi Kobe amepanda kote huko kuja kumwita mwongo.

Kobe yeyote mwingine angeirudisha miguu na kichwa ndani ya gamba. Bi Kobe alitamani kufanya hivyo, lakini akaiacha shingo yake nje.

"Mama Ngiri ana watoto wanne," alisema. "Watatu wanatembea. Wa nne nimemwacha amelala ubavu."

Wakati huo Sungura alitokea, akiwa na shukrani za jioni, na alipomwona Bi Kobe masikio yake yalilala mara moja kisha yakasimama tena. Akamwambia mwenyekiti kwamba huo ni uvumi. Alisema kila umoja una watu wa namna hii, waliopewa kazi ndogo, wanaotafuta makuu kwa kuwatia wenzao hofu. Alizungumza vizuri sana. Simba akageuka kumtazama Bi Kobe amjibu, na ilionekana wazi kwamba hawezi. Hakuwa na maneno ya namna hiyo.

"Sikuombi uniamini, Bwana Mwenyekiti," Bi Kobe akasema mwishowe. "Imetangazwa kwamba unakunywa pale asubuhi na jioni. Shuka ukanywe, wakuone."

"Nakunywa maji ya kisima kila siku," Simba akasema akionyesha kibuyu.

"Basi kuyanywa kwenye hori hakutakupa tabu."

Lililomgusa Simba hapo lilikuwa kiburi chake, na safari hii kiburi kilifanya kazi njema. Akaagiza kwamba keshokutwa alasiri atashuka na kunywa mbele ya wote, ili midomo ifungwe. Akamwamuru msemaji atangaze. Sungura hakuwa na njia ya kukataa tangazo lililotokana na tangazo lake mwenyewe. Akaruka kwenda kutangaza, na kwa mara ya kwanza tangu awe msemaji hakupamba kitu.

Habari hiyo ilienea upesi. Hata Pundamilia wawili walitumwa na wenzao kutoka bwawani waje waone.

Siku ya kunywa ilipofika, jua likiwa utosini, Sungura alimfuata Fisi akamwambia atoe nyama yote kabla watu hawajakusanyika. Maji yakitulia, alisema, harufu itapungua, naye mwenyekiti atakunywa funda moja tu. Fisi alikubali kwa shingo upande, akateremka. Alishika kipande cha kwanza akakipandisha hadi kwenye mdomo wa kisima. Akakitazama. Kukitupa nje juani, kiliwe na tai ambao hawakutoa jasho lolote, lilikuwa jambo asiloliweza. Akakila. Akateremka akaleta cha pili akakila nacho. Aliendelea hivyo, akijiambia kwamba ameagizwa nyama isiwepo, na nyama iliyo tumboni haipo. Mguu wa mwisho aliula huku akilia, kwa kuwa hakuwa na nafasi tena lakini ulikuwa umebaki mmoja tu.

Kisha akataka kutoka. Kichwa kikatoka. Mabega yakatoka kwa shida. Tumbo likagoma.

Alipojaribu kurudi chini, halikukubali huko pia. Na mbali akaona vumbi la wanyama wanaokuja, Simba mbele.

Walifika wakasimama duara. Walimwona Fisi akiwa amejitokeza mdomoni mwa kisima kama uyoga, mikono yake ya mbele imelala juu ya mawe, akijitahidi kuonekana mtulivu. Simba akamtazama msemaji wake.

Sungura akaruka juu ya hori.

"Ndugu wanachama," alianza, "kama mnavyoona, Bwana Fisi yuko kwenye ukaguzi. Uongozi haukutaka mwenyekiti anywe maji yasiyokaguliwa na—"

Fisi akacheua. Cheuo hilo lilitoka mbali, likachukua muda wake, na upepo ukalipeleka pande zote za duara bila upendeleo. Nyumbu akarudi nyuma hatua tano. Tembo akauficha mkonga chini ya kidevu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kuhusu madini tena.

Simba alimsogelea Fisi polepole, akamuuliza amekula nini.

"Nyati," Fisi akajibu kwa sauti ndogo. "Yule wa kisimani. Sungura aliniambia niitoe nyama yote kabla hujaja, Bwana Mwenyekiti. Hakuniambia niiweke wapi."

Sungura alikwishaona kwamba Fisi hana faida tena, akaruka begani kwa Simba akamnong'oneza haraka. Lipo neno la kuokoa siku hii, alisema. Mwenyekiti atangaze kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba sherehe nzima ilikuwa mtego wa kumnasa mlinzi mwizi. Watashangilia. Wataimba. Wataondoka wakimwogopa na kumpenda zaidi.

Lilikuwa neno zuri, na Simba alilipenda. Wote waliokuwa karibu walimwona akilipenda, kwa maana kifua chake kilianza kujaa. Akafumbua kinywa. Ndipo macho yake yakamwangukia Mama Ngiri, aliyesimama mstari wa mbele na watoto watatu miguuni. Wa nne alikuwa amembeba mgongoni, kichwa kikining'inia.

Kifua cha Simba kikashuka.

"Maji haya ni mabaya," alisema, "na yamekuwa mabaya muda mrefu. Mliambiwa ni madini, mkaambiwa ni makuyu, mkaambiwa nayanywa. Ya kibuyu changu hayakunuka kamwe; sikuyanywa haya. Sikujua kwamba siyanywi, lakini sikujua kwa sababu nilikaa juu nikapenda nilichokuwa naambiwa. Nimewakosea. Mama Ngiri, nimekukosea wewe kwanza."

Hapakuwa na vigelegele. Wanyama walisimama tu, kama waliosikia lugha ngeni wakagundua kwamba wanaielewa. Hakuna aliyewahi kumsikia simba akisema amekosea. Baadhi yao walimtazama Bi Kobe, ambaye naye alikuwa amemtazama Simba, kinywa wazi.

Mama Ngiri akauliza kama watasimama pale mpaka jua lichwe, au wataanza kutoa matope.

Tembo akamzungushia Fisi mkonga akamvuta. Fisi alitoka na mlio kama wa kizibo, akaangukia tumbo lake na kudunda mara moja, na hapo wanyama walicheka kwa mara ya kwanza tangu harufu ianze. Kisha kazi ikaanza. Walitoa maji yote machafu, wakatoa mifupa, wakaziba shimo la ubavuni kwa mawe, wakatoa mchanga. Mawe ya mdomo yakaondolewa, na Simba akashuka ndani mwenyewe. Manyoya yake ya shingo yalipotokeza yakiwa yameshikana kwa tope, hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Mama Ngiri, naye kidogo tu.

Asubuhi ya tatu maji mapya yakajaa, baridi na matamu kama ya siku ya kwanza. Simba akalisogelea hori, kisha akasita, akawapisha watoto wa Mama Ngiri watangulie. Yule wa nne alilamba kidogo, akalala, akaamka akaomba tena. Jioni alikuwa akiwasumbua ndugu zake, na mama yake akamkaripia kwa furaha kubwa.

Fisi aliondolewa ulinzi, akapewa zamu ya mchanga kila siku hadi mvua zitakaporudi. Akalitaja shamba la kunde la Sungura, nalo likagawiwa kwa waliougua. Simba naye akahama mwambani, akaja kulala karibu na njia, mahali ambapo angeweza kusikia wapitao wakisema nini. Mengi aliyoyasikia hayakumfurahisha, lakini alizoea.

Sungura alipewa adhabu aliyoiona nyepesi, na moyoni akaishangilia. Aliagizwa aende bwawani kwa Mamba, awaambie Pundamilia kwamba maji yamesafishwa na warudi. Huo ndio uliokuwa ufundi wake. Alifika kabla ya adhuhuri, akajifuta vumbi, akawaambia ukweli mtupu. Pundamilia wakamsikiliza, wakaendelea kutafuna nyasi. Hata wale wawili waliokuwa wameshuhudia Fisi akivutwa walisema kwamba waliondoka kabla maji mapya hayajajaa, na kwamba hawajui lililofuata. Sungura akarudia. Akaapa. Akasimulia habari ya mtoto wa Ngiri kwa namna ambayo ingemliza jiwe, na kila neno lilikuwa la kweli. Kiongozi wa Pundamilia akamwambia kwa adabu kwamba wamesikia, ila watamsubiri Bi Kobe.

Ikabidi Sungura akimbie njia yote kurudi, amwombe Bi Kobe aende. Bi Kobe akakubali, akaanza safari. Ilimchukua siku nane. Siku zote hizo Pundamilia walikaa ukingoni mwa bwawa wakichungulia njia, huku Mamba akiwachungulia wao, na hawakuondoka. Siku ya nane gamba lake lilipotokeza kwenye nyasi, amechoka, vumbi hadi machoni, walimwendea wote.

"Maji ni mazuri," Bi Kobe alisema. "Nimeyanywa."

Kabla hajamaliza kuvuta pumzi walikuwa wamekwisha kujipanga kwa safari, na wawili wakampandisha mgongoni mwa mmoja wao ili arudi nao. Njia nzima Sungura alitembea nyuma yao, hasemi kitu.

Ndiyo maana mpaka leo kobe akisema neno, husubiriwa hata kama amechelewa, na sungura hukimbia sana lakini hafiki mbali. Njia ya mwongo ni fupi.